Chungwa, Ua na Asali: Dawa Tatu Ndani ya Chupa Moja

Kuna vitabu vya kale ambavyo ukivisoma taratibu unakuta mambo mawili yamekaa mbalimbali, kila moja kwenye ukurasa wake, na mwandishi mwenyewe hakuwahi kuyaunganisha. Kitabu cha al-Masudi, Muruj adh-Dhahab, ni kimojawapo. Al-Masudi alizaliwa Baghdad, akasafiri karibu maisha yake yote, akafariki Misri mwaka 956. Sisi wa Pwani tunamjua kwa sababu moja kubwa: alikuja huku. Alipanda jahazi na wafanyabiashara wa Omani, akafika Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanadhani ni Pemba yetu, na anasema safari yake ya mwisho kutoka huko kurudi Omani ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917.

Jambo la kwanza liko pale anapoeleza chakula cha watu wa Zanj. Anataja ndizi, mtama, mizizi ya kuchimba ardhini, kisha anaongeza kwamba wanakula pia asali na nyama. Basi. Hasemi asali ilitoka kwenye ua gani wala ilitibu nini. Ilikuwa chakula.

Jambo la pili liko mbali kidogo, pale anapozungumzia miti. Anasema mti wa naranj, yaani chungwa chungu ambalo sisi tunaliita danzi, uliletwa kutoka India baada ya mwaka 300 Hijria. Ulipandwa kwanza Omani, ukaenda Basra, Iraki na Shamu, hadi ukajaa kwenye miji ya pwani ya Palestina na Misri. Halafu analalamika. Anasema matunda hayo yalipohamishwa yalipoteza harufu na rangi nzuri yaliyokuwa nayo India, kwa kuwa hewa, udongo na maji havikuwa vile vya kwao.

Hebu linganisha tarehe. Kama mti ulifika Omani baada ya mwaka 300, na yeye alikuwa anapita Omani mwaka 304, basi al-Masudi na mdanzi walikutana bandarini, mti ukiwa bado mgeni. Mtu huyohuyo alikuwa ametoka kuona watu wanaokula asali. Asali iko upande mmoja wa kitabu, chungwa upande mwingine.

Leo vitu hivyo viwili vimeingia ndani ya chupa moja. Asali ya maua ya machungwa inauzwa kutoka Hispania, Italia, Mexico, Marekani, Misri na kwingineko, na ukiingia dukani au mtandaoni utasoma sifa zake: ina vitamini C, inatuliza neva, inaleta usingizi, inatibu kikohozi, inaponya vidonda, inashusha presha, na eti mwenye kisukari asiogope. Sifa ni nyingi kiasi kwamba nilianza kujiuliza zilitoka wapi, moja moja. Nilichokiona ni kwamba hazikutoka mahali pamoja. Ni historia tatu tofauti, za dawa tatu tofauti, na lebo imezishona kuwa moja. Nataka nizifumue hapa, kwa sababu katika mshono huo kuna watu wanaoumia.

Tuanze na asali, maana ndiyo kongwe.

Katika mkoa wa Valencia, Hispania, kwenye wilaya ndogo ya Bicorp, kuna pango linaloitwa Cueva de la Araña, pango la buibui. Ukutani mna mchoro wa maelfu ya miaka: mtu amening'inia kwenye kamba au mizizi, ana chombo mkononi, na nyuki wamemzunguka. Mrina asali yeyote wa Tabora au Kitui akiuona mchoro ule hatahitaji kutafsiriwa. Na Valencia ndiyo leo nchi ya michungwa na asali yake. Lakini yule mtu wa ukutani hakuwahi kuonja asali ya machungwa. Machungwa hayakuwepo Ulaya. Alikula asali ya maua ya porini, na michungwa ilikuja kupandwa kwenye ardhi ile baada ya maelfu ya miaka.

Wamisri wa kale walikwenda mbali zaidi ya kula. Kwenye hati ya mafunjo iitwayo Edwin Smith, iliyoandikwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, majeraha yanafungwa kwa mafuta, asali na nyuzi. Ibn Sina, aliyemaliza Qanun yake ya tiba mwaka 1025, naye aliitumia asali katika dawa nyingi. Na kwa Waislamu, Sura ya An-Nahl inataja kinywaji kinachotoka matumboni mwa nyuki, chenye rangi mbalimbali, ndani yake mna ponyo kwa watu. Angalia neno hilo, rangi mbalimbali. Aya haikuchagua ua.

Sayansi ya leo imewapa haki wale mafundi wa mafunjo. Asali ina sukari kama asilimia 80 na maji chini ya asilimia 20, kwa hiyo bakteria wakiingia humo wananyonywa maji hadi wanakauka. Ina uchachu, ingawa ulimi hauusikii kwa sababu ya utamu. Juu ya hayo, nyuki huitia kimeng'enya ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, dawa ileile ya kuoshea vidonda. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2015 yalikuta kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina sana hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya vifungio vya kawaida. Kwa aina nyingine nyingi za vidonda ushahidi haukutosha. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na ni ya asali kwa ujumla wake, iwe ya mgunga, ya miombo au ya mchungwa.

Lugha yetu nayo ina kumbukumbu yake. Nyuki ni neno letu la Kibantu, wa tangu na tangu. Asali ni neno la Kiarabu. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanasema ubuki, na humo unamsikia nyuki kabisa, kitu na mtengenezaji wake wakiitwa kwa mzizi mmoja. Waswahili tumemtenga nyuki na asali yake: yeye amebaki msituni na jina lake la kale, asali ikaenda sokoni na jina la bandarini. Nadhani ndiyo maana ni rahisi kwetu kuamini chochote kinachoandikwa juu ya chupa. Tumezoea kuiona asali bila nyuki.

Sasa twende kwenye dawa ya pili, chungwa lenyewe. Hapa historia inatupitisha nyumbani.

Aprili 7, 1498, meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Mabaharia wake walikuwa wamekaa baharini miezi, na wengi walikuwa wameshikwa na kiseyeye: fizi zinavimba hadi zinafunika meno, miguu inajaa, makovu ya zamani yanafunguka. Shajara ya safari ile, ambayo kwa kawaida husemwa ni ya Álvaro Velho, inaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa mengi, malimau na miwa. Kisha mwandishi anashukuru Mungu kwamba wagonjwa walipata nafuu pale, na anataja sababu: hewa ya mji ule ni nzuri.

Niliposoma hapo nilicheka, halafu nikanyamaza. Hewa! Wamekula machungwa ya Mombasa, wamepona, na sifa imeenda kwa upepo. Si kwamba jamaa alikuwa mjinga. Kwa tiba ya zama zake, hewa ndiyo iliyobeba maradhi na uzima. Kupona kulikuwa kweli kabisa. Kosa lilikuwa kwenye kutaja aliyeponya.

Yaelekea wagonjwa wenyewe walilijua jambo kabla ya mwandishi. Januari 1499, wakirudi kutoka India wakiwa hoi, walifika Malindi, na shajara inasema nahodha mkuu alituma mtu nchi kavu alete machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani mno. Yaliletwa kesho yake. Kwa wengi ilikuwa wamechelewa; walikufa palepale Malindi. Na mwandishi, kwa mara nyingine, akasema ni hewa, safari hii hewa mbaya. Miezi tisa tu ilikuwa imepita, na umbali kutoka Mombasa hadi Malindi unaujua.

Ilichukua miaka 250 kabla ya mtu kulipima jambo hili kwa utaratibu. Mei 20, 1747, James Lind, daktari wa meli ya Kiingereza Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili. Jozi moja alipewa siki, nyingine maji ya chumvi ya bahari, nyingine sida ya tufaha, na kuendelea. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini mmoja wao alikuwa karibu tayari kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza wengine. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753. Jeshi la majini la Uingereza likaagiza maji ya limau kwa mabaharia mwaka 1795. Hesabu mwenyewe: miaka 42.

Na hata hapo mambo hayakuisha, kwa sababu ya neno. Katika miaka ya 1860 jeshi hilo liliacha malimau ya Mediterania likaanza kutumia ndimu za visiwa vya Karibi. Kwa midomo ya wakati ule limau na ndimu vilichanganywa ovyo, na wote waliamini kinachoponya ni uchachu, kwa hiyo kichachu kimoja ni sawa na kingine. Kumbe ndimu zile, tena baada ya maji yake kuhifadhiwa muda mrefu, zilikuwa na nguvu ndogo mno. Safari ya Waingereza kwenye barafu ya kaskazini mwaka 1875 na 1876 iliangushwa na kiseyeye huku mapipa ya maji ya ndimu yakiwa melini. Watu waliugua kwa sababu tunda limepewa jina la tunda lingine. Sisi tunaosoma na kuandika tunapaswa kuisimulia habari hiyo kila tunapoambiwa kwamba maneno ni maneno tu.

Kilichoponya kilikuja kujulikana katika karne ya 20: vitamini C. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipata tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusu ugunduzi huo. Hapo chungwa likapata heshima yake kamili.

Lakini heshima hiyo ni ya tunda. Na nyuki hafiki kwenye tunda! Nyuki anafika kwenye ua. Katika nchi za Mediterania mchungwa huchanua majira ya kuchipua, na matunda yanaiva miezi mingi baadaye, kuelekea baridi. Siku ambayo nyuki anabeba nekta kupeleka mzingani, chungwa halijawa hata gololi. Vitamini C iliyomo kwenye asali, iwe ya machungwa au ya chochote, ni kidogo sana, haimfikishi mtu popote. Baharia wa da Gama angelambishwa asali ya maua ya machungwa asubuhi na jioni, angekufa na kiseyeye chake, mdomo ukiwa mtamu.

Dawa ya tatu ni ua.

Ua la mchungwa, na hasa la mdanzi, lina historia yake ambayo haihitaji nyuki wala tunda. Kutoka Shamu hadi Morocco, watu wanayachuma maua hayo alfajiri, wanayachemsha, wanaukusanya mvuke wake, na kupata maji ya maua, kama vile sisi tunavyoyajua marashi ya mawaridi yanayonyunyizwa kwa mrashi harusini. Mji wa Nabeul nchini Tunisia unajulikana kwa kazi hiyo hadi leo. Mafuta yanayopatikana humo yanaitwa neroli, jina lililotokana na Nerola, mji mdogo karibu na Roma, ambao mke wa mtawala wake katika karne ya 17 alipenda kuyatia kwenye glavu na maji ya kuogea. Na huko Ufaransa, vizazi na vizazi vya mama wamewapa watoto vijiko vya maji ya maua ya machungwa wapate kulala. Ndipo ilipotoka sifa ya kutuliza neva na kuleta usingizi. Ilikuwa sifa ya maji yaliyochemshwa kutoka kwenye vikapu vizima vya maua.

Nekta ni kitu kingine. Ni maji matamu yaliyo chini ya ua, ambayo kamusi zetu zinayaita pia mbochi. Nyuki anayafyonza, anayatia vimeng'enya, wenzake wanayapepea kwa mbawa hadi maji yapungue, kisha wanaziba sega kwa nta. Kweli harufu ya ua inapita, na ndiyo sababu asali hii inapendwa: ni nyepesi ya rangi, ina manukato, haichomi kooni. Lakini harufu ni chembechembe, na chembechembe si kipimo cha dawa.

Tena kuna kichekesho hapa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nekta ya maua ya jamii ya michungwa, kama ile ya mibuni, ina kafeini. Kiasi ni kidogo, hata nyuki hausikii uchungu wake, lakini kinatosha kumfanya aikumbuke vizuri harufu ya ua lile na arudi tena. Yaani mmea unamlipa nyuki kwa sukari, halafu unampa kahawa kidogo asisahau njia. Asali inayosifiwa kwa usingizi imetoka kwenye ua linalomchangamsha nyuki! Hakuna mtu atakayekosa usingizi kwa kijiko kimoja, usiogope. Ninachosema ni kwamba aliyeandika lebo hakumuuliza nyuki.

Sasa hizi dawa tatu zilikutana lini? Kuna sababu ya ufundi. Zamani asali ilirinwa kwa kukata masega na kuyakamua, ya juu na ya chini, ya msimu huu na uliopita, vyote pamoja. Mwaka 1852 Lorenzo Langstroth wa Marekani alipata hataza ya mzinga wenye fremu zinazochomoleka, na mwaka 1865 Franz von Hruschka akaonyesha mashine ya kuzungusha masega ili asali iruke nje bila sega kuvunjika. Kuanzia hapo mfugaji aliweza kupeleka mizinga shambani maua yakifunguka, akavuna mara yanapoanguka, akarudishia masega matupu. Karne hiyohiyo mashamba makubwa ya michungwa yalikuwa yanapanuka kwa ajili ya biashara ya meli, Jaffa, Valencia, Florida. Mashine ilikutana na shamba, na asali ya ua moja ikawa bidhaa. Kila bidhaa inahitaji hadithi, na hadithi zilikuwepo tayari, za tunda na za ua. Ziliazimwa. Lile ambalo al-Masudi alililalamikia limegeuka: yeye aliona chungwa likihama linapoteza harufu, sisi tunaona likihama linaongezewa sifa.

Hata kuitambua si kazi nyepesi. Kwa kawaida asali hupewa jina la ua fulani ikiwa chavua ya ua hilo ni nyingi, mara nyingi asilimia 45 na kuendelea. Michungwa mingi ya kisasa ina chavua haba, kwa hiyo asilimia 10 au 20 huweza kutosha, na wapimaji hutafuta pia kemikali ya harufu iitwayo methili anthranileti. Na sheria ya asali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 imeitaja asali ya jamii ya michungwa kwa jina kama mfano wa asali yenye vimeng'enya vichache kwa asili yake. Asali nyingine lazima zifikie kipimo cha 8 cha kimeng'enya kiitwacho diastezi. Yenyewe imeruhusiwa hadi 3, mradi masharti mengine yatimie. Soma hapo vizuri. Sheria imeipunguzia mzigo kwa sababu ni asali laini, na huko dukani inauzwa kama yenye nguvu kuliko zote. Kwa jumla asali nyeusi ndizo zenye wingi wa viini vinavyopambana na uharibifu wa chembe za mwili. Hii nyepesi huwa nyuma yao.

Je, basi haina faida yoyote? Inayo, na iliwahi kupimwa. Mwaka 2012 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika Israel kwa watoto 300 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliokuwa na kikohozi cha mafua usiku. Walipewa gramu 10 za kitu kimoja kati ya vinne kabla ya kulala: asali ya mkalitusi, asali ya jamii ya michungwa, asali ya maua ya jamii ya mnanaa, au rojo ya tende. Waliopewa asali walikohoa kidogo na kulala vizuri zaidi ya waliopewa rojo ya tende, na wazazi nao wakalala. Sehemu ya fedha za utafiti ilitoka kwa bodi ya asali, na msomaji makini aliweke hilo akilini. Lakini tafiti nyingine zimeelekea upande uleule, na mwaka 2018 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliitaja asali miongoni mwa vitu vya kujaribu kwanza kwa kikohozi cha ghafla. Cha kutazama ni kwamba asali zote tatu zilisaidia. Ya machungwa ilifanya kazi kwa kuwa ni asali.

Nimesema kuna watu wanaoumia. Shangazi yangu yuko Tanga, na ana kisukari cha miaka mingi. Mwaka jana mwanawe anayefanya kazi Muscat alimletea chupa ya asali hii, nzuri kweli, ya rangi ya dhahabu hafifu, na lebo yenye ahadi zote nilizozitaja. Nilipokwenda kumwamkia nikamkuta anaitia kwenye chai, vijiko viwili, kwa amani kabisa.

Nikamwambia, "Shangazi, hiyo nayo ni sukari."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii si sukari. Hii ni maua."

Sikubishana naye. Ungebishana vipi na sentensi nzuri namna hiyo? Ndiyo sentensi ambayo lebo nzima ilikuwa inajaribu kuiandika. Nilimwomba tu apime, maana kipimo anacho na anajua kukitumia kuliko mimi. Akapima kabla, akanywa chai yake, tukazungumza habari za ukoo, akapima tena baada ya saa mbili. Akaitazama namba, akaitazama chupa.

"Kumbe maua nayo yana sukari," akasema.

Chupa hakuitupa, kwani ilikuwa zawadi ya mwanawe. Aliihamishia kabati la juu, akasema itakuwa ya wajukuu wakikohoa. Hapo nikamwongezea jambo moja, na ninaliandika hapa kwa mwenye mtoto mchanga: asali, yoyote ile, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za bakteria anayesababisha botulizimu, ugonjwa wa kupooza, na tumbo la mchanga bado halijaweza kuzizuia. Ugonjwa huo kwa wachanga ulitambuliwa mwaka 1976, na asali ikathibitishwa kuwa mojawapo ya njia zake muda mfupi baadaye. Kwa yule mwenye miaka mitatu, sawa. Kwa yule wa miezi saba, hapana, hata kidole kisichovywe.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumtia mtu moyo aandamane na wenye bahati. Mimi siku hizi naisoma kama ushauri wa msomaji wa historia. Mfuate nyuki. Ukiambiwa asali hii ina faida ya chungwa, uliza kama nyuki alifika kwenye chungwa. Ukiambiwa ina faida ya ua, uliza ni ua kiasi gani limeingia. Ukiambiwa ina faida ya asali, hapo kubali, kisha uliza kama iliyomo ni asali kweli, maana sharubati ya sukari nayo inajua kuvaa lebo.

Machungwa ya Mombasa yaliponya mwaka 1498, na anayeandika akasifu hewa. Hatuwezi kumlaumu, hakuwa na namna ya kujua. Sisi tunayo. Asali ya maua ya machungwa ni tamu, ina harufu ya bustani, inatuliza koo la mtoto mwenye kikohozi, na inaweza kusaidia kama asali nyingine zinavyosaidia. Hizo ni sifa za kutosha kwa kitu kilichotengenezwa na mdudu. Zilizobaki zirudishwe kwa wenyewe: vitamini kwa tunda, usingizi kwa maji ya maua, na shangazi kwa daktari wake wa kisukari.